Mizigo ya Nyumba Zetu: Upi Ubaki, Upi Utoke?



Wiki hii twataka kusema juu ya jambo ambalo ni nadra kuhubiriwa kanisani, walakini limo karibu katika kila nyumba ya Mkristu: nalo ni jambo la vitu vya zamani. Twasema juu ya sanduku lililofungwa, kabati lisilofunguliwa, na kile chumba cha uani ambacho mlango wake hausukumiki kwa sababu ya vitu vilivyorundikwa nyuma yake. Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni dogo, la akina mama na ufagio tu. Likichunguzwa vema laigusa Amri ya Saba ya Mungu, lawagusa marehemu wetu, na laugusa moyo wenyewe.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Kilakala, katika mji wa Morogoro. Hatusemi nyumba ya mtu fulani. Twaitunga kwa ajili ya mafundisho, na wasomaji wa Moshi, Songea, Bukoba na Tabora wataona kwamba yafanana na nyumba wanazozijua. Nyumba hiyo ina vyumba vitatu, nayo imesimama chini ya milima ya Uluguru. Mwenye nyumba ni mama mjane. Katika chumba cha kwanza analala yeye. Katika cha pili wanalala binti zake. Cha tatu kimefungwa kwa kufuli tangu mumewe alipofariki, yapata miaka saba sasa. Ndani yake mna makoti ya marehemu, viatu, redio isiyosema, baiskeli isiyo na magurudumu, magunia ya magazeti, masufuria yaliyotoboka, na kitanda kizima chenye godoro. Mwaka huu ameshuka mtoto wa ndugu yake kutoka Mgeta, aje kusoma sekondari mjini. Kijana huyo analala sebuleni juu ya mkeka, na daftari zake huziweka chini ya meza. Kitanda kipo, lakini kimelaliwa na magunia.

Basi swali letu ndilo hili: je, ni haki vitu ambavyo hakuna avihitajiye vilale kitandani, na mtoto mwenye kuhitaji alale sakafuni?

KWA NINI TWALIMBIKIZA

Kabla ya kumlaumu mama huyu yatupasa kumwelewa. Watu hawarundiki vitu kwa sababu moja tu.

Sababu ya kwanza ni kumbukumbu ya dhiki. Waliokuwa watu wazima baada ya vita vya Kagera, vya 1978 hadi 1979, wanakumbuka jinsi sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na nguo vilivyoadimika. Watu walisimama katika foleni kutwa ili wapate mche wa sabuni. Uhaba ulikuwa mkubwa hata mwaka 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambaye chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro chaitwa kwa jina lake, ikaendesha msako wa wahujumu uchumi waliokuwa wakificha bidhaa. Mtu aliyepita katika miaka ile hutunza kila kopo, kila msumari na kila kipande cha kamba. Huyo asichekwe na wajukuu. Dhiki ilimfundisha.

Sababu ya pili ni upendo. Koti la marehemu bado lina umbo la mabega yake. Anayelitoa huona kana kwamba anamzika mara ya pili.

Sababu ya tatu ni majivuno. Tazameni kabati la vioo lililopo sebuleni. Mna vikombe vya wageni, sahani za maua na birika linalong'aa. Watoto wamezaliwa, wamekua na wameoa, nao hawajapata kunywea vikombe hivyo hata siku moja. Mgeni anayengojewa ni nani, ikiwa si watoto wetu wenyewe, wala si maskini agongaye mlango?

Sababu ya nne ni uvivu. Twasema, tutapanga kesho. Kesho ikawa mwaka.

JE, AKIBA HAIOZI?

Hapo mzee mmoja atatujibu kwa methali: akiba haiozi. Naye asema kweli. Wazee wetu hawakuwa wapumbavu walipoweka mbegu darini juu ya moshi wa jiko, ili isiliwe na wadudu kabla ya kupanda. Kuweka akiba ni fadhila, na Kanisa halikufundisha kamwe kwamba baba wa nyumba aishi pasipo kufikiri juu ya kesho.

Lakini methali hiyo yenyewe yatupa kipimo. Akiba haiozi, basi kile kinachooza si akiba. Akiba ina mwenyewe, ina kazi iliyokusudiwa, na siku yake ya kutumiwa yajulikana. Mbegu ni akiba, kwa kuwa mvua itanyesha. Redio iliyokufa miaka 12 iliyopita, ambayo fundi alikwisha kusema kwamba haitengenezeki, haingojei msimu wowote.

Nasi tukaao chini ya mlima twalijua jambo hili kuliko wengine. Mvua za masika, za Machi hadi Mei, huleta unyevu mwingi. Nguo za sandukuni hupata ukungu, mchwa hupanda ukutani, chuma hushika kutu. Bwana wetu alipowaonya wanafunzi juu ya hazina ziharibiwazo na nondo na kutu, katika Injili ya Mt. Mathayo, sura ya 6, alisema maneno ambayo mtu wa Uluguru hahitaji kufafanuliwa. Pamoja na hayo kuna panya. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, hapa Morogoro, panya buku wamefundishwa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na kutambua kifua kikuu. Panya wa chumba chetu cha uani hakufundishwa kazi yoyote, ila kutafuna cheti cha ubatizo.

Tena kuna hatari ya maradhi. Matairi, makopo na madebe yaliyoachwa uani huwa na maji ya mvua, na ndani yake huzaliana mbu aletaye homa ya dengi, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kwa hiyo tusiseme kwamba rundo la uani ni shauri letu wenyewe. Mbu huyo haulizi mpaka wa kiwanja.

KANISA LAFUNDISHA NINI

Mafundisho ya Kanisa juu ya mali husimama juu ya nguzo mbili, na mwenye kuiondoa moja huiangusha nyumba.

Nguzo ya kwanza: mtu ana haki ya kumiliki. Papa Leo wa 13 aliitetea haki hiyo katika waraka wake wa Rerum Novarum, mwaka 1891. Mfanyakazi aliyenunua kitanda kwa jasho lake ana kitanda, na hakuna ruhusa ya kumnyang'anya.

Nguzo ya pili: Mungu aliviumba vitu vya dunia kwa ajili ya watu wote. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alipambanua kati ya kuwa na mali na kuitumia. Kuwa nayo kwaweza kuwa kwa mtu mmoja. Lakini katika kuitumia yampasa awe tayari kumshirikisha mwenye shida. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliyarudia mafundisho hayo mwaka 1965. Na zamani zaidi, katika karne ya 4, Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria, aliwahubiria matajiri wa mji wake kwamba mwenye nguo asiyoivaa, akimwacha jirani uchi, amemnyima jirani kilicho haki yake. Hakusema kwamba amekosa ukarimu tu. Alisema kwamba amekosa haki. Hapo ndipo Amri ya Saba inapoingia katika kabati letu.

Tukumbuke pia yule tajiri wa Injili ya Mt. Luka, sura ya 12, aliyekusudia kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, naye akadaiwa roho yake usiku ule ule. Kosa lake halikuwa kuvuna. Kosa lake ni kwamba, wingi ulipomjia, alifikiri juu ya ghala tu, hakufikiri juu ya mtu.

Walakini tujihadhari na kosa lililo kinyume chake. Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alilaumu desturi ya kutupa ovyo, ambayo huufanya ulimwengu kuwa jalala. Mtu anayeyatupa ya zamani bondeni, kisha Jumatatu akanunua mengine mapya ya namna ile ile, hakujifungua mzigo wowote. Amebadili mzigo tu, na mto umechafuka. Maji ya mito ishukayo Uluguru hunywewa na watu wengi mjini na mbali zaidi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kupunguza vitu ni kutoingiza vingine pasipo haja.

JINSI YA KUIFANYA KAZI HII

Tumekwisha kueleza sababu. Sasa twaeleza njia.

1. Kila mtu aanze na vyake. Mume asitoe vya mke, wala mke vya mume, pasipo ruhusa. Kijana aliyerudi kutoka Dar es Salaam, akakisafisha chumba cha mama yake wakati mama yuko Misani, akidhani anamsaidia, amemkosea. Vitu ni vya mama. Aombwe, asihukumiwe.

2. Isifunguliwe nyumba nzima kwa siku moja. Jumamosi moja, sanduku moja. Anayetoa yote nje kwa pamoja, jioni huchoka akayarudisha yote ndani.

3. Yawekwe mafungu manne: vya kubaki, vya kutengeneza, vya kutoa, na vya kuteketeza. Kitu cha kutengeneza kipewe muda, tuseme mwezi mmoja. Mwezi ukiisha nacho hakijapelekwa kwa fundi, kihamie fungu jingine. Katika fungu la nne wengi watakuta mifuko ile ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, ingali imekunjwa vizuri chini ya godoro. Hiyo isichomwe uani, bali ipelekwe mahali pa taka palipowekwa na halmashauri.

4. Hati zitunzwe kuliko nguo. Vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo, vya ndoa, vya shule na vya vifo, pamoja na karatasi za kiwanja, viwekwe mahali pamoja pakavu, na watu wawili wa nyumba wapajue. Gunia la magazeti lisipelekwe kokote kabla halijapekuliwa karatasi kwa karatasi. Mara nyingi urithi wa watoto umefichwa katikati ya takataka.

5. Vitu vilivyobarikiwa viheshimiwe. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1171, yaagiza kwamba vitu vitakatifu vitendewe kwa heshima, hata vikiwa mali ya mtu binafsi. Rozari iliyokatika, sanamu iliyovunjika au picha takatifu iliyoliwa na mchwa visitupwe jalalani. Desturi ya Wakristu ni kuvichoma au kuvizika ardhini. Matawi makavu ya Jumapili ya Matawi yapelekwe parokiani, yatumike kupata majivu ya Jumatano ya Majivu.

6. Vyenye sumu vitengwe. Chupa za dawa za kilimo, ambazo ni nyingi katika nyumba za wakulima wa mboga, zisitiwe kamwe maji wala mafuta ya kula, hata zikioshwa mara saba. Betri zisitupwe motoni. Dawa za hospitali zilizopita muda wake zisipewe jirani kwa jina la huruma. Waulizwe wahudumu wa zahanati namna ya kuziteketeza.

KUTOA NI MOYO

Fungu la tatu ndilo linaloupima moyo. Mtakatifu Martino wa Tours, alipokutana na maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi, hakumpa vazi alilolichoka. Alilikata joho alilokuwa amevaa. Basi nasi tujiulize: nguo hii ningeivaa mimi kwenda Misani? Kama jibu ni hapana, huenda ikafaa kudekia sakafu, lakini isiitwe sadaka. Nguo ya kutoa ifuliwe, vifungo vishonwe, ikunjwe. Maskini huijua tofauti kati ya zawadi na taka.

Kisha itolewe kwa siri na kwa adabu. Katika Jumuiya Ndogondogo zetu twawajua wenye shida kwa majina. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo na Karitas ya parokia wanaweza kuvifikisha vitu bila mpokeaji kujua vimetoka wapi. Hiyo ni njia nzuri, maana yahifadhi heshima ya mtu.

Kuuza pia si dhambi. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mitaani, na ile baiskeli isiyo na magurudumu yaweza kuwa ada ya daftari na kalamu. Mradi bei iwe ya haki, na kiuzwacho kiwe cha muuzaji kweli.

VITU VYA MAREHEMU

Sasa turudi kwenye kile chumba chenye kufuli, maana hapo ndipo penye uchungu.

Twasema wazi kwanza: hakuna mtu mwenye haki ya kumharakisha mjane. Tena vitu vya marehemu vyenye thamani visigawanywe kiholela. Katika nchi yetu makabila yanatofautiana. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hupita upande huo. Makabila mengine mengi huhesabu kwa upande wa baba. Panapooana watu wa desturi mbili, ugomvi huanza msibani kabla machozi hayajakauka. Kwa hiyo ndugu wakae, wamteue msimamizi wa mirathi, athibitishwe na mahakama, ndipo mali igawiwe kwa sheria. Ndugu wanaobeba kabati na televisheni siku ya tatu baada ya maziko, wakimwacha mjane na watoto juu ya mkeka, wasijifiche nyuma ya neno mila. Huo ni wizi, na Mungu, kama Maandiko yasemavyo mara nyingi, ni mtetezi wa wajane na yatima.

Lakini haki ikishatimizwa, na miaka ikishapita, mjane naye ana swali la kujibu mbele ya Mungu. Je, koti hili ninalitunza kwa ajili yake, au kwa ajili ya hofu yangu? Imani yetu yatufundisha kwamba marehemu hawamo katika viatu vyao. Wamo mikononi mwa Mungu, nao wanasaidiwa kwa sala zetu. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, chatuonyesha jinsi Yuda Makabayo alivyokusanya fedha, akapeleka sadaka itolewe kwa ajili ya waliokufa. Kanisa huhimiza pia matendo ya huruma kwa ajili yao. Basi koti lililotolewa kwa maskini, kwa nia ya kumwombea marehemu, lamfaa marehemu kuliko koti lililoning'inia gizani miaka saba. Mwezi wa Novemba, ambao Kanisa humkumbuka kila marehemu, ni wakati mzuri wa kazi hiyo: siku ya Misa kwa ajili ya roho yake, nguo zake zitoke.

Wala si lazima vitoke vyote. Kibaki kimoja au viwili: rozari yake, kitabu chake cha sala, picha ya arusi. Kitu kimoja kilichowekwa mahali pa heshima, ambapo watoto wakiuliza huambiwa habari za baba yao, chakumbusha zaidi kuliko chumba kizima kisichofunguliwa.

MFANO WA KILAKALA YENYEWE

Wakazi wa Kilakala wana fundisho jingine karibu nao. Katika miaka ya 1950 Masista wa Maryknoll, kutoka Marekani, walianzisha hapo shule ya sekondari ya wasichana iliyoitwa Marian College. Ilikuwa kazi ya mikono yao, na wasichana wa Tanganyika waliokuwa na nafasi chache za elimu ya juu waliipata pale. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule za mashirika zilizokuwa zikipata msaada wa serikali zikawekwa chini ya serikali. Marian College ikawa Shule ya Sekondari ya Wasichana Kilakala.

Hatusemi kwamba kuachilia kulikuwa kwepesi. Walioijenga shule waliipenda. Lakini tazameni matunda: wasichana hawakuacha kusoma. Shule ile ni miongoni mwa shule za taifa za wanafunzi wenye vipaji, na mabinti wa dini zote na wa mikoa yote wameketi madarasani mwake. Jina lilibadilika, mwenye funguo alibadilika, mema yakaendelea. Ikiwa Kanisa liliweza kuishi baada ya kutua mzigo mkubwa namna ile, je, sisi tutashindwa kutua koti?

Tena jimbo la Morogoro lenyewe lilitokana na Vikarieti ya Bagamoyo, na Bagamoyo ndipo wapagazi wa misafara ya bara walipotua mizigo yao baada ya safari ya miezi. Wengi husema kwamba jina la mji huo latokana na kubwaga moyo. Mpagazi aliyefika pwani akakataa kuushusha mzigo asingepata raha yoyote, ijapokuwa amefika.

Basi turudi kwa mama yetu wa mfano. Twamshauri aombe kwanza, kisha awaite binti zake na yule kijana wa Mgeta, wafungue kufuli pamoja mchana, si peke yake usiku. Wapekue karatasi. Watenge vya kumbukumbu. Watoe vya kutoa. Godoro likaanikwe juani, na kitanda kikatandikwe. Usiku ule kijana atalala kitandani pa mjomba wake, na asubuhi atakwenda shule mgongo haumuumi. Hatudhani marehemu atakasirika.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Nyumbani mwetu kuna chumba, sanduku au kabati gani ambalo halijafunguliwa mwaka mzima, na ni kwa sababu ipi kati ya zile nne?

2. Je, tunatunza kitu ambacho jirani yetu, tunayemjua kwa jina, anakihitaji leo?

3. Katika ukoo wetu, vitu vya marehemu wa mwisho viligawiwa kwa haki? Mjane na yatima walibaki na nini?

4. Hati za nyumba yetu ziko wapi, na ni nani mwingine ajuaye?

Mungu azibariki nyumba zenu, azijaze watu kuliko vitu.